Pacha Asiyewaka: Hotuba kuhusu Diski ya Kuwashia Seva ya Mashine Pepe

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu mliotoka karibu na mliosafiri usiku kucha kuja hapa, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni kupanga diski ya kuwashia seva inayobeba mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja halisi. Naomba nianze na kisa, maana kisa hicho ndicho kilichonifanya niombe nafasi ya kusimama mbele yenu.

Jumatatu moja ya masika, saa moja na nusu asubuhi, nilipigiwa simu na mhasibu wa hospitali ambayo nilikuwa nikiitunzia seva. Usiku umeme ulikatika, betri za akiba zikaisha, seva ikazimika. Umeme uliporudi, seva iligoma kuwaka. Skrini nyeusi, na mstari mmoja tu unaosema hakuna kifaa cha kuwashia. Ndani ya seva ile mlikuwa na mashine pepe tano: usajili wa wagonjwa, dirisha la dawa, maabara, uhasibu, na moja ndogo ya kugawa anwani za mtandao. Nilipofika, foleni ya mapokezi ilishatoka nje ya mlango. Wauguzi wanaandika kwenye madaftari. Mama mmoja aliyefuata majibu ya maabara ya mwanawe anaambiwa, "Majibu yapo, ila hayaonekani."

Kauli ile sijaisahau, kwa sababu ndivyo hasa mambo yalivyokuwa ndani ya ile diski. Majibu yalikuwepo yote. Hakuna hata faili moja lililopotea. Seva ilikuwa na diski mbili pacha, na ZFS, mfumo unaosimamia diski na faili, ikiandika kila kitu mara mbili. Moja ilikufa usiku ule, nyingine ilikuwa nzima kabisa, imejaa data safi. Lakini seva haikuweza kuwaka kwa kutumia ile iliyobaki.

Kwa nini? Miezi minane kabla ya hapo diski moja kati ya zile mbili ilikufa, na mimi ndiye niliyeibadilisha. Nilichomoa mbovu, nikachomeka mpya, nikaiambia ZFS: badilisha ile kwa hii. Ikanakili data usiku mzima. Asubuhi nikaangalia hali, kila mstari umeandikwa ONLINE, hakuna kosa. Nikaandika ripoti, nikaondoka na moyo mweupe. Nilichokuwa nimekiacha ni kitu kidogo sana, na ndicho nataka tukiangalie kwa makini leo.

Seva ile ilikuwa na Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, ambayo wengi wenu mnaitumia. Inatengenezwa Vienna, nchini Austria, toleo lake la kwanza lilitoka 2008, na chini yake kuna Debian, aina mojawapo ya Linux. Ukiisakinisha kwa ZFS kwenye diski mbili, programu ya usakinishaji inakata kila diski vipande vitatu, tunavyoviita patisheni. Patisheni ya kwanza ni MB 1 tu, ya kuwashia seva za zamani za BIOS. Ya pili ni patisheni ya EFI. Matoleo ya zamani yaliipa MB 512, ya sasa yanaipa GB 1. Ya tatu ndiyo inayochukua nafasi yote iliyobaki, na humo ndimo ZFS inamoishi.

Sasa sikilizeni vizuri. Upacha wa ZFS unahusu patisheni ya tatu peke yake. Ubao mama ukipata umeme haujui ZFS ni nini. Unachojua ni kusoma patisheni ya EFI, ambayo imefomatiwa kwa FAT, mfumo wa faili ule ule wa kizamani wa flashi zetu. Humo unakuta programu ya kuwashia na keneli, yaani kiini cha mfumo. Keneli ikishaingia kwenye ramu, ndipo ZFS inapoamka na kuzitambua zile patisheni za tatu. Maana yake ni kwamba kipande ambacho bila hicho seva haiwaki kipo nje ya ulinzi wa upacha. Proxmox inalijua hilo, kwa hiyo ina chombo kinachoitwa proxmox-boot-tool. Kila keneli mpya inapoingia, chombo hicho kinainakili kwenye patisheni ya EFI ya kila diski iliyosajiliwa. Angalieni neno hilo: iliyosajiliwa. Diski ambayo hukuisajili hainakiliwi chochote.

Mimi nilikuwa nimeikabidhi ZFS diski mpya nzima nzima. ZFS ikaikata inavyotaka yenyewe, ikaijaza data, na haikuacha nafasi ya EFI. Kwa miezi minane seva ile ilikuwa na pacha wawili kwa data na mmoja tu kwa kuwaka. Siku yule mmoja alipokufa, tulibaki na mwenyeji aliye hai asiyeweza kufungua mlango.

Njia sahihi haina siri. Ni hatua nne, na ya kwanza ndiyo yenye hatari, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kwanza unanakili ramani ya patisheni kutoka diski nzima kwenda diski mpya. Amri yake ni sgdisk, inafuatwa na jina la diski nzima, halafu -R, halafu jina la diski mpya. Mpangilio huo unawachanganya watu wengi. Ukigeuza majina, unachukua ramani tupu ya diski mpya na kuifutia ramani ya diski pekee iliyobaki na data yako. Kwa hiyo usitumie majina mafupi kama sda na sdb, ambayo yanaweza kubadilika seva ikizimwa na kuwashwa. Tumia majina yaliyo ndani ya /dev/disk/by-id, yenye namba ya utambulisho ya kiwandani, na kabla ya kugonga kitufe soma namba hiyo kwa sauti huku mwenzako akiisoma kwenye kibandiko cha diski. Nyumbani kwetu fundi wa pampu hashuki kisimani peke yake. Na hii kazi tuifanye wawili.

Hatua ya pili, unaendesha sgdisk -G kwenye diski mpya ili ipate vitambulisho vyake, isije ikagombania jina na mwenzake. Ya tatu, unaiambia ZFS ibadilishe, lakini unaipa patisheni ya tatu tu ya diski mpya. Ya nne, unafomati patisheni ya pili kwa proxmox-boot-tool format, kisha unaisajili kwa proxmox-boot-tool init. Baadaye unaandika proxmox-boot-tool status na kuhesabu kwa kidole: diski mbili, mistari miwili. Hatua ya nne inachukua chini ya dakika moja. Kukosa dakika hiyo kuliifanya hospitali ile ikae bila mfumo hadi saa kumi na moja jioni, muda ambao nilikuwa natafuta diski mjini, nawasha seva kwa flashi ya usakinishaji, nafungua ZFS kwa mkono, na kukata patisheni upya kama zilivyopaswa kukatwa miezi minane nyuma.

Nimeona niweke hilo mbele kwa sababu mengine yote nitakayosema yanafuata humo humo. Diski ya kuwashia ni ndogo, haina data ya mteja, na hiyo ndiyo sababu tunaidharau.

Tuje kwenye kuichagua. Bado nakutana na seva zinazowaka kwa flashi au kadi ya SD iliyochomekwa ndani ya boksi, na fundi anakuambia, "Mbona ESXi ilikuwa hivyo miaka yote?" Ni kweli. ESXi ya VMware, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, kwa miaka mingi iliweza kusomwa mara moja kutoka kwenye kadi, ikapanda kwenye ramu, na baada ya hapo kadi ikabaki karibu bila kazi. Watengenezaji wa seva waliuza hata moduli za kadi mbili kwa kazi hiyo. Lakini toleo la 7.0 lililotoka 2020 lilibadilisha mpangilio. Vipande vidogo vidogo vya zamani viliunganishwa kuwa eneo moja kubwa linaloitwa ESX-OSData, ambalo linaandikwa mara kwa mara, na mapendekezo ya ukubwa wa diski yakapanda hadi GB 32 na zaidi. Kadi za SD hazikuumbwa kwa mzigo huo. Zikaanza kufa, na VMware wenyewe wakawataka wateja wahamie kwenye diski imara. Somo hilo limeshalipiwa na watu wengine, hatuna haja ya kulilipia tena.

Proxmox nayo inaandika sana, na wengi hawajui inaandika nini. Ile saraka ya /etc/pve mnayoiona ikiwa na mipangilio ya mashine pepe zenu si saraka ya kawaida. Ni dirisha tu. Nyuma yake kuna hifadhidata ya SQLite, faili linaloitwa config.db ndani ya /var/lib/pve-cluster. Ongeza michoro ya matumizi inayosasishwa muda wote, ongeza logi, ongeza huduma za klasta, yaani seva kadhaa zilizounganishwa, kama unazo. Matone madogo, lakini mchana na usiku bila kupumzika, na juu ya ZFS kila tone linakuwa kubwa zaidi linapofika kwenye diski.

Kwa hiyo mimi nasema SSD mbili, za aina ya seva, zenye kapasita za kulinda maandishi umeme unapokatika. Ukubwa usikuumize kichwa. GB 240 zinatosha, 480 ni raha. Kapasita ndizo za kulipia. Programu inapomwambia diski, "andika hiki na unithibitishie kimefika," diski yenye kapasita inaweza kuthibitisha papo hapo, kwa sababu hata umeme ukitoweka ina chaji ya kumalizia. Diski ya kompyuta ya mezani inalazimika kuchelewa hadi iandike kweli, na kwa kazi hiyo inakuwa nzito na kuchakaa haraka. Katika miji ambako umeme unakwenda na kurudi mara mbili kwa siku, hiki si kitu cha anasa. Na kama unaweza, zile mbili zinunue maduka mawili, au hata kampuni mbili tofauti. Pacha walionunuliwa siku moja, wa toleo moja, wakaandikwa sawa sawa kila sekunde, wana tabia ya kuchoka pamoja.

Jambo jingine ninalolisimamia, na najua wapo hapa wasiokubaliana nami: mwenyeji asilale chumba kimoja na wageni. Mfumo wa kuwashia ukae kwenye diski zake mbili ndogo, mashine pepe zikae kwenye diski zake nyingine. Siku mfumo wa mwenyeji ukiharibika, iwe kwa sasisho baya au kwa mkono wa mtu, unausakinisha upya kwa nusu saa bila kugusa diski za wageni. Unazifungua, unarudisha mipangilio, wageni wanaamka kama hawakulala. Wote wakiwa diski moja, kila ukarabati wa mwenyeji unakuwa upasuaji karibu na moyo.

Ila hapo kuna sharti. Mipangilio ya mashine pepe, ile inayosema mgeni huyu ana ramu kiasi gani na diski yake ni ipi, inakaa kwenye diski ya kuwashia, ndani ya ile config.db. Kwa hiyo kila usiku nakili /etc/pve na /etc/network/interfaces uzipeleke nje ya seva. Ni faili ndogo, hata kilobaiti mia hazifiki kwa seva nyingi za kwetu. Nimemwona fundi hodari akiwa na diski za wageni kumi na nne, zote salama, asijue ipi ni ya nani.

Kijana wa mstari wa tatu ameandika kwenye karatasi: "Seva yetu ina nafasi mbili tu za diski, tufanyeje?" Swali zuri, na ndiyo hali ya wengi. Basi weka wote pamoja, lakini weka ukuta. Kwa ZFS, mwekee mwenyeji nafasi yake iliyotengwa ili wageni wasimmalizie pumzi, na usijaze zaidi ya asilimia themanini. Wakati wa kusakinisha kuna sehemu iliyoandikwa hdsize. Punguza namba hiyo kidogo, ubakize nafasi isiyokatwa mwishoni mwa diski. Nafasi hiyo itakusaidia siku diski ya kubadilishia ikiwa fupi kuliko ya zamani kwa megabaiti chache, jambo linalotokea hata kama zote mbili zimeandikwa 480 kwenye boksi.

Nikisema kujaa, nakumbuka ajali inayojirudia kuliko zote. Mtu ana diski ya nje ya kuwekea bakapu. Ameipandisha kwenye saraka, tuseme /mnt/bakapu, kisha akaisajili Proxmox kama ghala la aina ya saraka. Siku moja umeme unakatika, seva inawaka, diski ya nje haiamki. Saraka /mnt/bakapu bado ipo, lakini sasa ni saraka tupu juu ya diski ya kuwashia. Saa saba usiku bakapu inaanza, inamwaga gigabaiti mia humo humo. Diski ya kuwashia inajaa pomoni. Hifadhidata ya mipangilio haina pa kuandika, ukurasa wa usimamizi unagoma, na wewe unaamka kutafuta kirusi kisichokuwepo. Dawa ni neno moja kwenye mipangilio ya ghala hilo: is_mountpoint, uliwekee 1. Hapo Proxmox itakagua kwanza kama kweli kuna diski iliyopanda pale, na kama hakuna itakataa kuandika. Leo ukirudi kazini, kabla ya kuketi, kagua hilo.

Wakati wa chai dada mmoja aliniuliza kuhusu kadi ya reidi, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja. Seva yake ina kadi nzuri yenye betri, je, aitupe kwa sababu ya ZFS? Hapana, dada yangu. Reidi 1 ya kadi, yaani diski mbili pacha, juu yake mfumo wa faili wa ext4 na LVM ya kugawa nafasi, ni mpangilio wa heshima, na una faida moja ambayo ZFS haina: kadi inaonyesha diski moja tu kwa ubao mama, kwa hiyo hata patisheni ya EFI inapata pacha. Kosa lile la kwangu lisingetokea. Watengenezaji wamelielewa hilo; Dell kwa mfano wana kadi wanayoiita BOSS, vijidiski viwili vya M.2 vilivyofungwa pacha kwa kazi ya kuwashia tu, na diski nyingine zote zinabaki kwa wageni. Usichopaswa kufanya ni kuchanganya, yaani kuiweka ZFS juu ya reidi ya kadi. ZFS inataka kuziona diski zenyewe uso kwa uso, ili ikikuta kipande kilichooza ijue ni cha nani na ikichukue kizima kwa pacha. Ukiiwekea kadi katikati umeiziba macho. Kuhusu Btrfs, mfumo mwingine wa faili ambao nao upo kwenye orodha ya usakinishaji, mimi bado siiweki kwenye diski ya kuwashia ya mteja. Ikikosa pacha mmoja inagoma kupanda mpaka mtu aje aiambie kwa mkono ikubali, na mtu huyo saa nane za usiku ni nani?

Kuhusu swopu, yaani eneo la diski linalosaidia ramu inapojaa, nitasema machache. Usiiweke ndani ya ZFS, maana ramu ikiisha vyote viwili vinaweza kungojana hadi seva igande. Na kama seva yako ilisakinishwa kabla ya toleo la 8.1 la Proxmox, angalia ZFS inaruhusiwa kutumia ramu kiasi gani kama akiba yake. Zamani ilikuwa hadi nusu ya ramu yote. Tangu 8.1 usakinishaji mpya unaiwekea asilimia kumi, isizidi GB 16, lakini seva iliyosasishwa kutoka toleo la zamani inabaki na tabia yake ya zamani mpaka uibadilishe.

Ndugu zangu, siku ile ya hospitali, jioni foleni iliposhatawanyika, yule mhasibu aliniuliza swali la kawaida kabisa: "Ulipoibadilisha ile diski mara ya kwanza, uliwahi kujaribu kuwasha kwa hiyo peke yake?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sikabidhi seva kwa mtu yeyote kabla sijaizima, nikachomoa diski ya kwanza, nikaiwasha. Nikaizima, nikairudisha, nikasubiri inakili, nikachomoa ya pili, nikaiwasha. Kila nikibadilisha diski narudia yote. Mteja anakaa pembeni anaangalia, na anatia saini baada ya kuona kwa macho yake.

Hii seva iliyo mezani ina Proxmox, SSD mbili, na mashine pepe moja inayoendesha ukurasa mdogo wa tovuti. Mnauona kwenye ukuta hapo. Jana usiku nilibadilisha diski moja kwa hatua nne nilizowaeleza. Sitawaambia ni ipi. Dada yangu wa swali la reidi, naomba uje mbele. Izime kwanza. Sasa chagua diski yoyote uipendayo, bonyeza hicho kishikio cha kijani, uivute kwako. Mpe kijana wa mstari wa tatu aishike. Haya, washa. Wenye simu, anzeni kuhesabu.